Walikuja Kuchukua Sufuria

Watu wa mikoa mingine wakisikia natoka Mara hunitania kwamba sisi hasira zetu ziko karibu. Huwa nacheka nao, halafu nabadilisha mazungumzo, kwa sababu kuna hasira moja ninayo kweli na sijaimaliza. Ni ya kipindi kile cha ugonjwa wa kupumua. Ninawakasirikia kina mama wa kijijini kwetu, wanawake walionibeba mgongoni nikiwa mdogo, waliokuja nyumbani kuchukua sufuria mama yangu akiwa bado anapumua.

Inabidi nieleze sufuria zenyewe. Kijiji chetu kiko ukitoka Butiama kuelekea Nyamuswa, unaacha barabara na kuingia ndani kidogo. Tuna kikundi cha kufa na kuzikana kama walivyo nacho wenzetu, na kila nyumba imo. Mtu akifariki, wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika, na hakuna mfiwa anayehangaika kutafuta hata kijiko. Kikundi kina vyombo vyake: sufuria mbili kubwa ambazo mtoto mdogo anaweza kuogea ndani, sahani za bati, ndoo na turubai. Vyombo hivyo vilikuwa vinakaa kwetu, kwenye stoo ya mama, tangu nikiwa shule ya msingi. Na kwa desturi ya kikundi chetu, anayetunza sufuria ndiye anayesonga ugali wa msiba.

Mama alikuwa anausonga ugali huo kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Ni ugali wa udaga, yaani mhogo uliochachuliwa, uliochanganywa na mtama, mzito, unaovuta mikono mpaka mabegani. Wanawake wawili wanaishika sufuria kwa magunia yaliyoloweshwa, na yeye anajifunga kitenge kiunoni, anatanguliza mguu mmoja mbele, anauzamisha mwiko. Mwiko wenyewe ulikuwa mali yake. Baba aliuchonga kabla hajafariki, mrefu kuliko mpini wa jembe. Pale kwenye moto mama alikuwa na sauti ambayo nyumbani hakuwa nayo. Aliamrisha kuni, aliamrisha maji, aliwafokea hata wazee waliokuja kuchungulia nyama, na wazee walirudi wakakaa.

Nafasi hiyo hakuipata kwa amani. Kabla yake aliyekuwa anasonga ni jirani yetu, mwanamke ambaye boma lake na letu yametenganishwa na uzio wa minyaa tu. Siku moja msibani, mbele ya wakwe wa watu, mama alimega ugali wa jirani huyo, akatafuna, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mbichi huu." Yule mwanamke akaulaza mwiko chini, akafungua kitenge alichojifunga, akaondoka. Jioni hiyo hiyo watu wakahamishia sufuria kwetu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mama hakumtaja tena kwa jina, alikuwa anamwita yule wa ng'ambo. Ng'ombe wa ng'ambo akiingia kwenye mihogo yetu, mama alimfokea ng'ombe, kwa sauti kubwa, ili mwenye ng'ombe asikie. Na kutoka upande wa pili tulisikia mbuzi wetu naye akifokewa. Mimi nimekua katikati ya hao wawili, na nilidhani ndivyo majirani wote wanavyoishi.

Ugonjwa ulipoingia mimi nilikuwa Musoma, nakaa Kigera, nina kibanda cha spea za pikipiki. Mwendesha bodaboda mmoja wa kijijini ndiye alinipigia. Akaniambia mama hajaonekana kisimani na kikohozi chake kinasikika mpaka njiani. Nikafunga kibanda, nikawasha pikipiki, Kiabakari sikusimama, Butiama sikusimama. Nilimkuta amekaa kitandani ameegemea ukuta, kwa sababu akilala pumzi inakataa. Nikamkodia gari mpaka Bunda hospitali. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sina ugomvi naye. Alimchoma sindano, akatupa vidonge, akasema vitanda vimejaa na kama anaweza kunywa uji basi auguzwe nyumbani, alale kifudifudi, ageuzwe geuzwe, anyweshwe, awe msafi. Nilimuuliza ni ugonjwa gani. Akaangalia mlango, akasema, "Ni changamoto ya kupumua."

Maneno hayo yalinikera wakati ule na yananikera leo. Kila mtu alikuwa anayatumia. Huyu amefariki kwa changamoto ya kupumua, yule kifua, yule nimonia, na mwingine presha. Wanakijiji nao hawakuwa wajinga, walijua ni nini. Lakini kwa kuwa hakuna aliyewaambia wazi unaambukizaje, unaisha lini, na nani anaweza kumsogelea nani, kila mmoja alijipangia sheria zake, na sheria zote zilikuwa na maana moja, kwamba mama yangu asisogelewe.

Shida yangu ilikuwa moja. Mke wangu alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote, nilimkataza kabisa kuja. Dada yangu wa pekee ameolewa Tarime na yeye mwenyewe alikuwa anakohoa. Kwa hiyo nilibaki mimi. Kupika uji nilipika. Kufua nilifua. Kumgeuza nilimgeuza, yeye akiwa amejifunika shuka. Lakini kwetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Si jambo la kukalia kikao, halipo tu. Nilipojaribu kuingia na beseni aligeukia ukutani, akalishika lile shuka kwa vidole vyote, akasema, "Bora ninuke."

Na alianza kunuka. Mwanamke aliyekuwa anaoga asubuhi na jioni hata mwaka wa ukame alikuwa amelala kwenye jasho lake na mambo mengine ambayo sitayaandika. Aliona aibu kiasi kwamba akaanza kukataa uji ili asichafue shuka. Daktari alisema anyweshwe, na yeye alikuwa anafunga mdomo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilihitaji mwanamke mmoja tu, aingie, amwogeshe, atoke.

Nikaenda kuomba. Nyumba ya kwanza ni ya mama ambaye mama yangu alimpokelea mtoto wake wa kwanza kwa mikono yake, siku mvua ilipokata daraja. Aliongea nami dirishani. "Mwanangu, mi mwenyewe nina mafua, sitaki nikamuongezee mgonjwa." Hakuwa na mafua. Nyumba ya pili mume ndiye aliyetoka, akanisalimia akiwa amesimama mbali kama mtu ninayemdai, akasema mke wake ameenda Nyamuswa gulioni. Siku hiyo haikuwa siku ya gulio. Nyumba ya tatu walinyamaza kimya mlango ukiwa umefungwa, na moshi unatoka jikoni. Nikasimama pale uani nikawaambia moshi nauona.

Kanisani nilimkuta kiongozi wa kina mama. Akaniambia wametuweka kwenye maombi, kila mmoja anaomba akiwa nyumbani kwake. Nilimjibu kwamba maombi ya nyumbani kwao hayajawahi kumpaka mtu sabuni. Alishtuka, akasema nina kiburi cha mjini. Nikamwambia ndiyo, ninacho, na nikaondoka bila kuaga. Sijutii. Nayaandika ili ijulikane sijutii.

Kesho yake, asubuhi, niliwaona kina mama wanakuja. Walikuwa kundi zima, mwenyekiti wa kikundi mbele, wamefunga barakoa za kitenge, wengine wamejitanda khanga mpaka machoni. Nikasema kumbe walikwenda kukaa kikao, wamekubaliana, wamekuja pamoja ili asiwepo wa kulaumiwa. Nikakimbia kuweka maji jikoni. Nilikumbuka hata sabuni iko wapi.

Walisimama kwenye geti la miti. Hawakuingia. Mwenyekiti akasafisha koo.

"Baba, mgonjwa anaendeleaje?"

"Anahitaji kuogeshwa," nikasema. "Karibuni. Maji yapo motoni."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Tunashukuru kusikia. Sasa sisi tumekuja kwa ajili ya vyombo."

"Vyombo gani?"

"Vya kikundi. Si unajua misiba nayo ni mingi. Hatuwezagi kujua nani atafuata. Vyombo visije vikakaa kwenye ugonjwa. Tutolee hapo uani, uviweke chini, urudi nyuma. Maji yetu ya moto tumekuja nayo."

Kweli walikuja nayo, kwenye madumu, pamoja na majivu na sabuni ya unga. Walichemsha maji nyumbani kwao, wakayabeba mpaka kwetu, na maji yale hayakuwa ya kumwogesha mtu, yalikuwa ya kuogeshea sufuria.

Sijui kwa nini nilitii. Pengine ni malezi, ukiambiwa jambo na mama wa rika la mama yako miguu inaanza kutembea yenyewe. Niliingia stoo, nikatoa sahani, nikatoa ndoo, nikaburuta sufuria moja moja. Zile sahani za bati zilikuwa zinagongana, na kelele hizo ndizo zilizomfikia mama ndani.

"Nani amefariki?" akauliza.

Sauti yake ilikuwa ndogo lakini nilimsikia. Tangu nikiwa shule ya msingi, kelele hizo kwetu zilikuwa na maana moja tu. Nikaingia. Nilimkuta ameteremsha mguu mmoja kitandani, anatafuta kitenge cha kujifunga.

"Hakuna aliyekufa, mama. Lala."

"Sasa sufuria zinaendaga wapi kama hakuna msiba?"

Alisikiliza nje. Alisikia maji yanamwagwa, akasikia waya wa kusugulia unakwaruza bati, akaisikia sauti ya mwenyekiti ikisema sugueni vizuri na nje. Alikaa hivyo na mguu wake mmoja chini mpaka akaelewa.

"Kumbe aliyekufa ni mimi," akasema, akarudisha mguu kitandani.

Nilitoka nikiwa nimechemka. Niliwaambia maneno ambayo mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto wangu. Niliwaambia wachukue na turubai, na siku watakayomfunika mama yangu kwa turubai hilo nitalichoma na wao wakiwa chini yake. Waliendelea kusugua. Mmoja tu alikuwa analia chini ya barakoa huku anasugua, na huyo ndiye aliyeniudhi zaidi, kwa sababu mwenye machozi ana uwezo wa kuweka waya chini. Walipomaliza, mwenyekiti aliuangalia mwiko wa mama niliokuwa nimeutoa pamoja na vyombo. Akasema, "Huo uache. Mti unanyonyaga ugonjwa." Wakauacha kwenye tope la majivu, wakajitwika sufuria, wakaenda.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimeshika kichwa, niliposikia mtu anafoka ng'ambo ya minyaa.

"We! Mtoto wa huyo! Mama yako ameoga?"

Nilidhani amekuja kusherehekea. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama hana kazi akafokee mbuzi.

"Nakuuliza ameoga au hajaoga?"

"Hajaoga! Nani amwogeshe?"

Nikaona minyaa inatikisika, ile ile minyaa ambayo wala mama wala yeye hakuwahi kuivuka, na yule wa ng'ambo akatokea na panga mkononi. Alikuwa amekata njia. Utomvu ulikuwa umemrukia kwenye gauni. Amejifunga khanga puani, ndoo ya maji kichwani, na uso wa mtu aliyekuja kugombana.

"Toka hapo mlangoni," akaniambia. "Na usimwambie ni mimi."

"Atakuona."

"Basi aone. Mimi na yeye hatujasogeleanaga miaka yote hii, leo ndo nianze kuogopa kusogeleana?"

Akaingia, akafunga mlango. Mimi nikabaki nje, nyuma ya ukuta wa udongo, nasikiliza. Nilitegemea kelele. Sikusikia salamu wala pole. Nilisikia maji. Halafu sauti yake ikanijia kwa ukali kupitia dirisha dogo:

"Mwambie mama yako ainue mkono."

Nikasema, "Mama, inua mkono."

Maji. Kisha sauti ya mama, dhaifu lakini yenye chuki yake yote ya kawaida:

"Mwambie huyo maji ni ya moto sana."

"Mama anasema maji ni ya moto."

"Mwambie maji ya baridi akaogeshwe na wale wenye sufuria."

Nikafikisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku hiyo na siku zilizofuata. Anakuja asubuhi kupitia njia yake kwenye minyaa, anamwogesha, anambadilisha shuka, anamlaza kifudifudi, anamnywesha uji wa ulezi alioutoa kwake, na katika yote hayo hawasemeshani. Wananituma mimi. Mwambie afungue mdomo. Mwambie uji wake hauna sukari. Mwambie sukari ni ya wageni. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nimesimama juani nyuma ya ukuta natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Siku moja nilisikia kitu ndani, nikadhani mama anapaliwa. Nikachungulia. Alikuwa anacheka, na anajizuia, na kucheka kulikuwa kunamletea kikohozi, na yule wa ng'ambo alikuwa anampiga mgongoni kwa kiganja huku amegeuza uso pembeni.

Nilimuuliza siku nyingine alipokuwa anasuuza beseni. Sikuuliza kwa upole, kwa sababu nilikuwa bado na hasira na dunia nzima na yeye alikuwa sehemu ya dunia. Nilimwambia, wewe ndiye ulikuwa na haki ya kuja kuchukua zile sufuria kuliko wote. Kwa nini uko hapa?

Akanitazama kama ameulizwa swali la kipumbavu.

"Akifa huyu, mimi nitanuniana na nani?"

Mama akapona. Alipona taratibu, kwanza kukaa, kisha kufika mlangoni, kisha kufika jikoni akishika ukuta. Siku aliyoanza kuoga mwenyewe, yule wa ng'ambo hakuja. Njia kwenye minyaa ilibaki wazi, lakini hakuna aliyepita. Wakarudi kununiana kama mwanzo, ng'ombe akafokewa, mbuzi akafokewa. Mimi nikarudi Musoma, mke wangu akajifungua salama, na nikafikiri yameisha.

Hayakuisha. Kila nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa pale pale kwenye ngazi. Watu walipita njiani wakampungia mkono kwa mbali wakaongeza mwendo. Alikwenda kanisani mara moja, benchi lake likabaki na yeye peke yake, hakwenda tena. Misiba ilikuwepo, na ilikuwa mingi, na kila mara aliposikia kilio alijifunga kitenge, akakaa tayari. Hakuna aliyemwita. Vyombo vilikuwa kwa mwenyekiti na ugali ulikuwa unasongwa na mwanamke mwingine. Mama aliuosha ule mwiko wake, akaukausha, akausimamisha nyuma ya mlango. Alikuwa anakula kidogo sana. Ugonjwa ulishindwa kumwua, na hiki kingine nilikiona kinamwua mbele ya macho yangu, na sikuwa na hospitali ya kumpeleka.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia mama amepona, daktari amemwona tena, rudisheni vyombo. Akasema yeye hana shida, ila watu watakataa kula. "Watu wanaogopaga, mwanangu. Tuwape muda." Nikamuuliza muda gani, mpaka aoze? Akasema nisimwinulie sauti nyumbani kwake.

Halafu akafariki mama mkwe wa yule wa ng'ambo. Alikuwa bibi kizee sana, hakuugua, alizimika tu akiwa ameota jua. Mimi nilikuwepo kijijini siku hiyo. Kutoka uani kwetu tuliona kila kitu kupitia lile pengo kwenye minyaa. Tuliona wanaume wanafunga turubai. Tuliona wanawake wanaingia na sufuria kichwani, mwenyekiti mbele, wanapanga mafiga matatu, wanawasha kuni.

Yule wa ng'ambo akatoka ndani alikokuwa amekaa na maiti, kichwa amekifunga kitambaa cha msiba.

"Sufuria hiyo anaitunza nani?" akauliza.

Mwenyekiti akasema, "Mama, pole. Nenda kakae, sisi tupo."

"Nimeuliza inakaaga kwa nani."

"Ilikuwaga kwa... si unajua mambo yenyewe. Saa hizi iko kwangu."

Yule wa ng'ambo hakubishana. Aliinama, akalitoa jiwe moja kati ya yale matatu, akalivuta pembeni, akalikalia. Basi. Sufuria haikai kwenye mafiga mawili. Wakamsihi, akakaa. Wakamwambia wageni wako njiani kutoka Bunda na njaa yao, akasema wakila mawe ni sawa. Mume wake akaja, akamwambia, "Mama yangu mzazi amelala humo ndani na wewe unaleta vurugu," naye akamjibu, "Mama yako amelishwa na mkono wa huyo jirani miaka yote, kwenye misiba yote, na leo ni msiba wake." Sauti ilikuwa inapanda. Halafu akageuza uso kuelekea kwetu, akafoka kwa nguvu zake zote:

"We kijana! Mwambie mama yako moto unazimika!"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilijua ataitika, na nikawahi. Nilimwambia asiende. Nilimwambia waache wale mawe, waache wajue, walikusugulia sufuria mbele ya mwanao ukiwa kitandani, leo usiwape hata kijiko cha maji. Niliongea mengi.

"Msiba ni wa nani?" akaniuliza. "Ni wa mwenyekiti?"

Nikasogea pembeni.

"Basi niletee mwiko."

Alipita kwenye lile pengo akiwa na mwiko begani. Mimi nilimfuata. Hakumsalimia yeyote, hakumtazama mwenyekiti, hakutazama kokote ila sufuria. Yule wa ng'ambo akanyanyuka, akalirudisha jiwe mahali pake, akaingia ndani kwa maiti. Mama akajifunga kitenge. Mikono ilikuwa imekonda, na katikati ya kusonga ilimbidi asimame avute pumzi, akiegemea mwiko, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Wawili walikuja kushika magunia. Mmoja wao ni yule aliyekuwa analia siku ile.

Ugali ukawa tayari. Mama akaugeuza mara ya mwisho, mvuke ukipanda, akasimama na mwiko, akangoja sahani. Sahani hazikuja. Wanawake walikuwa wamesimama nazo mikononi, zile zile za bati walizozisugua, kila mmoja anamtazama mwenzake. Mwenyekiti alikuwa anatazama chini. Nilijua kwamba mama akirudi nyumbani sasa hatatoka tena kwenye ile ngazi.

Kwetu mfiwa wa karibu hali chakula cha msibani kabla ya maziko. Hilo linajulikana na kila aliyekuwa pale. Yule wa ng'ambo akatoka ndani, kitambaa cha msiba kichwani, akapita katikati ya wanawake na sahani zao mpaka kwenye moto. Hakuchukua sahani. Alinyoosha mkono akamega kwenye mwiko wenyewe, ule mti unaonyonya, ugali ukiwa unaunguza, akautia mdomoni. Akatafuna taratibu, mbele ya wakwe, mbele ya watu wa vijiji vitatu. Akameza. Akamtazama mama machoni.

"Mbichi huu," akasema.

Mama yangu sijawahi kumwona anashindwa ugomvi, si kwa baba, si kwangu, si kwa yeyote. Alimtazama yule mwanamke kwa muda. Midomo ilimcheza.

"Haya," akamwambia. "Niongezee kuni."

Yule wa ng'ambo akainama, akasukuma kuni motoni, na mama akauzamisha mwiko tena. Aliyekuwa analia akaja na sahani, na wengine wakapanga mstari nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, na sikumpisha, ilibidi anizunguke. Nikachukua yangu nikaenda kukaa kwenye mizizi ya mti pembeni. Nilimega nikiwa bado na hasira. Ugali ule ulikuwa umeiva.